Boga likasema, boga akasema: shajara ya kubandika lebo maneno 4,212

13 Januari 2024: Kilichopo mezani

Desemba iliyopita nilikaa Muheza kwa shangazi yangu, nikarekodi kwa simu hadithi sita anazozijua tangu utoto. Nimeshaziandika zote, neno kwa neno. Kompyuta inahesabu maneno 4,212. Sasa nataka kila neno libandikwe lebo ya aina yake, ili mtu atakayetafuta "kaa" ampate yule wa pwani anayetembea upande upande, asiletewe kaa la moto wala "kaa chini nikusimulie". Ukitafuta kwa herufi tupu, vyote vitatu vinakuja kwa mkupuo mmoja.

Lebo ni zile za darasani: N nomino, W kiwakilishi, T kitenzi, V kivumishi, E kielezi, U kiunganishi, H kihusishi, I kihisishi. Niliipitia pia orodha ya Universal Dependencies yenye lebo 17, inayotumiwa kwa lugha nyingi. Humo maneno kama "huyu" na "wote" yana fungu lao peke yao, ilhali shule ilitufundisha kuwa ni vivumishi yakiandamana na nomino, na viwakilishi yakisimama yenyewe. Nimebaki na za shule kwa sababu watakaonisaidia wanazijua. Kila nomino itaandikiwa pia ngeli yake kwa mtindo wa upatanisho: A-WA, LI-YA, KI-VI na kuendelea. Mtindo wa namba wa wanaisimu wa Kibantu, ulioanzia kwa Wilhelm Bleek karne ya 19, nimeuacha. Mpwa wangu akiona "ngeli ya 9" ananiuliza nimeitoa wapi.

Gharama za kuanzia: bando sh. 10,000, daftari kubwa sh. 3,500. Kompyuta ni ya zamani, ninayo.

28 Januari 2024: Wiki mbili zimekwenda na maji

Hapa msinifuate.

Nilijiona mjanja. Nikaiambia kompyuta iyachuje maneno yanayojirudia, ikabaki orodha ya maneno 1,536 yaliyopangwa kwa alfabeti. Hesabu yangu ilikuwa kwamba tukishaweka lebo kila neno mara moja, programu itanakili lebo hizo kila neno linapotokea, na kazi itakuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Nikachapisha orodha kurasa 38 stesheneri, nikakaa na mpwa wangu wa kidato cha tatu jioni baada ya masomo yake.

A hadi M tulikwenda tukijidanganya. "Kiboko" tuliandika N, KI-VI, tukasonga. "Kifaru" hivyo hivyo. Tulipofika "ndege" akaandika N, kisha kalamu ikasimama.

"Ndege yupi, mjomba? Au ndege ipi?"

Nilimtazama nisijue kama anatania. Swali lake lilikuwa limeshanijibu. Neno "ndege" lenyewe halibadiliki hata herufi. Anayetuambia kama ni wa manyoya au ni ya abiria ni jirani yake: ndege ametua, ndege imetua. Tukarudi nyuma mbio. Viboko wamevamia shamba, hao ni wa mtoni. Viboko vimemwachia alama mgongoni, hivyo ni vya kuchapia. Vifaru wamekunywa maji. Vifaru vimeingia mjini, na hapo watu wanajificha. Katika orodha ya alfabeti majirani wote wamefukuzwa, kila neno limekaa pweke, nasi tulikuwa tunaliuliza swali ambalo halina uwezo wa kulijibu.

Orodha nzima nimeitupa. Hasara: kuchapisha sh. 3,800, pesa ya matumizi ya mpwa sh. 15,000, siku 14.

Marekebisho: faili jipya la Excel ambamo kila mstari una neno moja katikati, mawili ya kabla yake na mawili ya baada yake. Mistari ni 4,212, hakuna njia ya mkato. Lebo inawekwa kwa neno la katikati baada ya kusoma yote matano.

11 Februari 2024: Neno moja lenye watu wawili ndani

Mfumo mpya unakwenda. Mistari 900 imekamilika, mingi ya kawaida tu. Tatizo limetoka kwenye vitenzi.

Hadithi ya nne ina "aliyelivunja", yaani kijana aliyelivunja boga. Tumebandika T, na T ni sahihi, ila lebo hiyo ni kama kuandika "mizigo" juu ya lori zima. Ndani ya neno hilo kuna a- ya kijana, -li- ya wakati uliopita, -ye- inayotuambia kuwa ni yule yule tunayemzungumzia, -li- nyingine ambayo ndiyo boga, halafu -vunj- na -a ya mwisho. Mwingereza anahitaji maneno matano kulisema hilo, na kwake kila moja lina aina yake. Sisi tumeyapakia yote kwenye kitenzi, kisha nafasi tupu ya kibodi ikatudanganya kuwa ni neno moja lenye habari moja.

Nikaandika programu fupi ya kuvikata vitenzi, kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Niliiambia "li ni wakati uliopita", basi "aliyelivunja" likawa na wakati uliopita mara mbili na boga likapotea kabisa. "Lililolia" ikaona wakati uliopita umekuja mapacha: li- ya kwanza ni kitu chenyewe kinacholia, ya pili ni wakati, na programu haikujua kuzitofautisha.

Kilichoponya ni kuacha kutazama umbo na kutazama kiti ambacho kiambishi kimekalia. Katika vitenzi kama hivi viti vina mpangilio wake: kiima (mtenda), wakati, kirejeshi (kama ile -ye-), yambwa (mtendwa), mzizi, kiishio. Li iliyokaa kiti cha kwanza ni ya ngeli ya LI-YA, ya kiti cha pili ni ya wakati, ya kiti cha nne ni ya LI-YA tena, safari hii ikiwa imetendwa. Nimeongeza safu sita kwenye jedwali, moja kwa kila kiti. Kazi imekuwa kubwa zaidi, lakini sasa naweza kuiuliza kompyuta "nani alilivunja boga?" badala ya kutafuta neno "vunja" peke yake.

Gharama: umeme sh. 5,000, bando sh. 5,000.

3 Machi 2024: Kuku ametenda nini?

Ili kupunguza kazi ya mkono niliweka kanuni: neno linaloanza na ku- ni kitenzi. Jumatano usiku niliiacha programu ikifanya kazi, nikalala kwa amani. Asubuhi nikakuta kuku ni tendo la "ku", kuni ni tendo la "ni", kumi ni "mi", na kunguru ni kitendo cha "nguru". "Kumbe!" iligeuzwa T, kama kwamba kuna mtu anayembe.

Nikakaza kanuni: kitenzi cha Kibantu huishia na -a. Kuku, kuni na kumi wakapona, lakini kurudi, kujibu, kusamehe na kusahau vikatupwa nje, maana hivyo vimetoka Kiarabu na vinaishia na irabu wanayoitaka wenyewe. Tena "kucha" ikaingia kwa mlango wa mbele, kwa sababu inaishia na -a kama kitenzi halali. Kumbe shangazi alisema "usiku kucha" mara nne na kucha za fisi mara moja.

Dawa haikuwa ya kitaalamu. Nimetengeneza orodha ya mkono ya majina na maneno mengine 27 yanayoanza na ku-, na orodha ya pili ya vitenzi 34 vya kukopa. Ikishapita hapo ndipo kanuni inafanya kazi.

Limebaki lile la kweli. "Kulia" ni N au T? "Akaanza kulia" tumeweka T. "Kulia kwake kukawaamsha majirani" ni N, kwa kuwa kulia huko kumeyavisha maneno yanayofuata ku- yake: kwake, kukawaamsha. (Ile ya upande wa mkono wa kulia nayo ipo, mara mbili.) Anayetaka kunakili kazi hii achukue kanuni hiyo moja hata akiacha nyingine: ukishindwa kulijua neno, angalia limewavisha nini wenzake.

24 Machi 2024: Vivumishi vichache, kesi nyingi

Katika sarufi ya Kiyunani inayonasibishwa na Dionysius Thrax, ambayo ndiyo chimbuko la orodha ya aina nane iliyozunguka dunia na kufika hadi kwenye vitabu vyetu vya shule, kivumishi hakina fungu lake. Kimewekwa ndani ya nomino. Nilipokuwa shule ningecheka. Baada ya wiki tatu na maneno ya shangazi sicheki tena: -zuri, -kubwa, -refu na wenzao huvaa nguo za nomino. Mtu mzuri, kisu kizuri, visu vizuri. Kukitoa kivumishi peke yake ukitazame ni sawa na kulitazama koti bila mtu.

Tena vyenye kuvaa ni vichache. Vinavyobaki shangazi anavipata kwa njia nyingine: mtu wa haki, mwenye njaa, anayependeza. Au anachukua vya kukopa visivyovaa chochote: safi, hodari, maskini, rahisi. Programu yangu ilikuwa inamtambua kivumishi kwa nguo, basi "maji safi" ikasoma nomino mbili mfululizo. Hapa pia nimetumia orodha ya mkono, maneno 19. "Maskini" limenipotezea jioni nzima, maana kuna "mzee maskini" (V), "maskini akalia" (N) na "Maskini!" (I), zote ndani ya ukurasa mmoja.

Kilichotuumiza zaidi ni "vizuri". Visu vizuri ni V. Amepika vizuri ni E. Kanuni niliyoitunga: kukiwa na nomino ya KI-VI ya wingi kabla yake ni V, vinginevyo E. Ikafanya kazi mara tisa, ya kumi ikakwama:

"Akavinoa visu vizuri."

Visu vilikuwa vizuri, au kunoa kulikuwa kuzuri? Nimesikiliza sauti mara sita. Mpwa wangu anasema E. Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu, ambaye amekubali kutukagulia kazi kwa malipo ya chai, alisikiliza mara moja tu akasema hata shangazi mwenyewe hakuwa ameamua. Mstari huo una lebo mbili, V na E, na utabaki nazo.

14 Aprili 2024: Mlangoni, shambani, shimoni

Ramadhani kazi ilikwenda polepole, usiku tu. Mistari 2,700.

Maneno yenye -ni ya mahali nilikuwa nimeyaweka yote E. Nilimpelekea mwalimu, nikiwa na uhakika.

"Shikamoo mwalimu. Hii sehemu imekamilika."

"Marahaba. Soma hii." Akaniwekea kidole.

Nikasoma: "Mlangoni pana mtu, shambani kuna mtu, shimoni mna mtu."

"Sasa hao watu watatu nikawatafute wapi?"

Ni kweli kwamba -ni ni moja kote. Ila pa- ni pale pale unapoweza kunyooshea kidole, ku- ni huko kwa jumla, mu- ni ndani. Shangazi kwa silabi moja ameshakuambia uchukue fimbo, taa au kamba, nami nilikuwa nimeyafuta yote kwa herufi E. Neno hilo hilo la mahali linaweza kutawala sentensi nzima: "nyumbani kwake kumenyamaza" na "nyumbani mwake mmenyamaza" si habari moja.

Tumekubaliana hivi: likitawala upatanisho ni N lenye alama PA, KU au MU, likifuata tu kitenzi, kama "akaenda shambani", ni E. Nilirudia mistari 143. Chai na vitumbua, sh. 4,000.

12 Mei 2024: Jaribio la kwanza

Tulichukua mistari 200 bila kuchagua, programu ikaweka lebo yenyewe, mpwa na mimi tukaweka za kwetu bila kuangalia za programu. Tofauti: 46. Kati ya hizo 31 zilikuwa "na" peke yake.

Kisa na mkasa ni -wa. Kanuni yangu ilisema "na" ikifuata kitenzi cha kutendwa ni H: "alimezwa na boga". Sawa. Lakini "walikamatwa na kufungwa" ni U, hakuna mtendaji pale. Na kwenye hadithi ya pili mzee "alikunywa na wenzake". Programu iliona -wa mwishoni ikaamua kuwa mzee amenywewa na wenzake. Nimeongeza sharti kwamba baada ya "na" pasiwe na kitenzi cha ku-, nikaviondoa -nywa na -wa kwenye vitenzi vya kutendwa. "Ana njaa" na "wana watoto" tumezipa T kama vitenzi vishirikishi, baada ya ubishi ambao sitauandika hapa.

Jaribio la pili, mistari 200 mingine: tofauti 19. Nimeridhika kiasi cha kuendelea.

2 Juni 2024: Nilimsahihisha shangazi

Kosa hili ni kubwa kuliko lile la Januari, kwa kuwa lile lilinipotezea karatasi na hili liliharibu maandishi yenyewe.

Mwishoni mwa Mei niliweka kikaguzi cha upatanisho. Programu inaishika nomino, inatazama kitenzi chake, ngeli zikipishana inapaka mstari rangi nyekundu. Kilinisaidia sana, kilikamata makosa yangu ya kuandika zaidi ya thelathini. Hadithi ya nne ikatoka nyekundu tupu. "Boga akasema." "Boga akamfuata." "Boga hakushiba." Boga ni LI-YA. Nikajiambia bibi wa watu alikuwa amechoka, ilikuwa saa nne usiku, ulimi umeteleza. Nikasahihisha kumi na moja: boga likasema, boga likamfuata. Nyekundu ikaisha, nikafurahi.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa anaisoma kwa sauti, akasimama. "Mjomba, mbona boga limepoa?"

Nikarudi kwenye sauti. Mwanzo wa hadithi boga liko shambani, limeota, limenenepa, watoto wanalipiga mateke: li- kila mahali. Mtoto mmoja analiambia, "Boga wee, mbona huzungumzi?" Boga akajibu. Kuanzia hapo hakuna li- hata moja. Anafuata, anameza, hashibi, anauliza wengine wako wapi. Yule kijana anapompiga panga, sentensi inayofuata inasema "boga likapasuka vipande viwili". Li- imerudi. Hakuna mahali shangazi anaposema "sasa boga limepata uhai" wala "sasa limekufa". Kiambishi ndicho kilichotwambia, nami nilikifuta mara kumi na moja nikidhani nafanya usafi.

Nikashukuru nilikuwa na nakala kwenye simu.

Baada ya hapo tukaanza kuwinda mapito kama hayo kwa makusudi. Katika hadithi ya kwanza mke mwenza anamwita mtoto wa mwenzake "hicho kitoto, kimekula tena". Mtoto ana haki ya a-, naye amemshusha hadi KI-VI kwa chuki. Mwindaji anayetisha anakuwa "lile jitu". Kipofu, kwa upande mwingine, ana ki- mbele ya jina lake, lakini shangazi hasemi "kipofu kimeketi" hata siku moja, kipofu ameketi. Jedwali langu lilikuwa na safu moja ya ngeli. Sasa lina mbili: ngeli ya umbo na ngeli ya upatanisho. Zikipishana, programu haipaki nyekundu tena. Inapaka kijani, na kijani maana yake ni "sikiliza hapa".

19 Juni 2024: Muheza

Nilikwenda kwa shangazi Idi ya kuchinja. Baada ya pilau nikamchezea sauti yake, sehemu ya boga.

"Shangazi, hapa unasema 'boga likaota', halafu hapa 'boga akasema'. Ulifanya kusudi?"

Akasikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba, kitu kinakujibu usoni, wewe utakiita 'hili'? Akikusikia je?"

Nikamuuliza na kuhusu visu vizuri. Akasema visu vya zamani vyote vilikuwa vizuri, wala hakuona nauliza nini.

Nauli kwenda na kurudi pamoja na zawadi: sh. 22,000.

30 Juni 2024: Hesabu na vilivyobaki

Mistari yote 4,212 ina lebo. Yenye lebo mbili kwa sababu hatukuweza kuamua ni 23. Ya kijani ni 38, kumi na moja kati yake ni boga.

Jumla ya fedha, pamoja na bando na umeme wa Machi hadi Juni ambao sikuuandika kila mara: sh. 121,300. Kubwa kuliko zote ni pesa ya mpwa, sh. 45,000 kwa miezi sita, na alistahili zaidi.

Kwa anayetaka kuanza: pitieni kwanza hadithi moja fupi kwa mkono, mwanzo hadi mwisho, kabla hamjaandika kanuni yoyote ya programu. Wekeni ngeli mbili tangu siku ya kwanza. Maandishi ya mzungumzaji yafungeni yasiharirike, masahihisho yakae safu ya pembeni. Mimi nimefanya hivyo tangu tarehe 3 Juni. Orodha za mkono (ku-, vitenzi vya kukopa, vivumishi visivyovaa) ziko kwenye karatasi tatu za mwisho za faili.

Kilichobaki ni hadithi ya saba. Shangazi alinipa siku ile ya Idi bila kuombwa, dakika 26. Inahusu kaa na kaa la moto waliokuwa marafiki, na hadi sasa sijajua nianzie wapi.